SOMO LA MWEZI: KUULIZA NJIA SI UJINGA



Katika somo la mwezi huu tunawaalika tusafiri pamoja kwa mawazo hadi kaskazini ya mbali ya nchi ya Kanada. Wengi wetu hatutafika huko kwa miguu yetu, lakini iko barabara moja ambayo inaweza kutufundisha jambo la kutufaa hapa nyumbani.

Barabara yenyewe

Barabara hiyo inaitwa Dempster. Inaanzia karibu na mji wa Dawson katika Yukon, inakwenda kaskazini hadi mji wa Inuvik, nayo ina urefu wa kilometa 740 hivi. Ilianza kujengwa mwaka 1959, ikafunguliwa mwaka 1979. Tangu mwaka 2017 iko barabara nyingine inayotoka Inuvik kufika Tuktoyaktuk, ukingoni mwa Bahari ya Aktiki.

Sehemu kubwa ya Dempster ni ya changarawe, haina lami. Udongo wa huko chini umeganda mwaka mzima. Kama ukiyeyuka, barabara hudidimia. Kwa hiyo wajenzi walirundika changarawe nene juu yake, mahali pengine kupita meta mbili, ili joto lisipenye. Msafiri huipita milima ya Ogilvie na Richardson, na kuuvuka Mstari wa Aktiki, ambako siku ya katikati ya kiangazi jua halitui. Mito miwili mikubwa, Peel na Mackenzie, huvukwa kwa pantoni wakati wa kiangazi. Wakati wa baridi magari hupita juu ya barafu yenyewe. Barafu inapoanza kuganda au kuvunjika, hakuna njia. Msafiri hana budi kungoja.

Waliopotea

Kabla ya barabara, watu walipita milima hiyo kwa miguu na kwa mbwa. Mwaka 1909 Isaac Stringer, Askofu wa Kianglikana wa Yukon, alipotea humo pamoja na mwenzake Charles Johnson. Walitangatanga siku 51. Chakula kilipokwisha walichemsha viatu vyao vya ngozi, wakavila. Mwishowe walifika penye makao ya Wagwich'in, wenyeji wa nchi hiyo, kando ya mto Peel. Hao ndio waliowapokea na kuwalisha.

Muda mfupi baadaye, tarehe 21 Desemba 1910, polisi Fitzgerald aliondoka Fort McPherson na wenzake watatu kwenda Dawson. Alitaka kufika upesi, kwa hiyo alipunguza chakula. Kiongozi wao wa njia, Carter, alikuwa ameipita njia hiyo mara moja tu, tena akitokea upande wa pili. Njiani walimwajiri Mgwich'in mmoja, Esau George, awaonyeshe njia. Baada ya siku chache wakamlipa ujira wake, wakaagana naye. Kisha walitafuta kijito cha kuwavusha milima, wasikione. Walipogeuka kurudi, chakula kilikuwa karibu kwisha, wakala mbwa wao. Wote wanne walikufa mwezi wa Februari 1911. Fitzgerald na Carter walikuwa wamebakiza kilometa 40 tu. Polisi Dempster, aliyetumwa kuwatafuta pamoja na Mgwich'in Charlie Stewart, aliwakuta mwezi wa Machi. Barabara ya leo ina jina lake.

Tunajifunza nini?

Watu hao hawakuwa wavivu wala waoga. Walikuwa hodari, nao walikuwa na mtu aliyeijua nchi ile. Walimlipa vizuri, lakini wakaachana naye mapema mno. Haraka yao haikuwa na baraka.

Tumtazame na mtu mwingine wa Fort McPherson. Kasisi Robert McDonald alikaa na Wagwich'in miaka mingi, akajifunza lugha yao, akaoa kwao, na mkewe Julia akamsaidia katika kutafsiri. Mwaka 1898 Biblia nzima ilikuwa imetoka katika lugha hiyo. Alikuwa mwanafunzi wao kabla ya kuwa mwalimu wao.

Basi nasi tujipime. Kijana aliyesoma akirudi kijijini, je, huwauliza wazee kabla ya kubadili jambo? Sisi wa halmashauri ya kanisa, tunapopokea familia ngeni au kuanza mradi, tunawasikiliza wanaoijua shida yenyewe, au tunawashukuru kwa chai na kuwaaga? Kumwita mtu mkutanini na kumheshimu kwa maneno si kazi ngumu. Kazi ni kuendelea kumsikiliza hata tunapodhani njia tumekwisha kuijua.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kwa nini Fitzgerald aliona hamhitaji tena Esau?
2. Katika mtaa wetu, ni nani tuliyemwaga mapema mno?
3. Je, tuko tayari kumwendea na kumwuliza tena?