Istilahi ya "Mfereji" katika Fizikia ya Utegili
Ayoni zenye chaji chanya husukumana. Mwale wake huweza kutawanyika kabla ya kuifikia fueli ndani ya kinu cha muungano wa viini. Katika majaribio ya GSI, Darmstadt, Ujerumani, leza ilipasha joto gesi ya amonia katika mstari mwembamba. Gesi hapo ikatanuka, ikapungua msongamano, na umeme ukapita na kuigeuza utegili. Elektroni za utegili hupunguza msukumano, nao uga wa sumaku wa mkondo huo huzielekeza ayoni katikati.

Basi istilahi "mfereji" yafaa kwa kudokeza njia, bali yapotosha kwa kudokeza kingo. Mfereji huu hauna kuta. Mkondo ukikatika, uga hutoweka. Fasili yake sharti iitaje sumaku.