Mchanga Mikononi mwa Watoto: Somo kwa Wazazi na Walezi

Andiko la kusoma nyumbani: Zekaria 8:1-8



Mwezi huu sisi walimu wa shule ya Jumapili tunawaletea somo ambalo huenda wengine watalicheka: mchezo wa mchanga. Tumelichagua kwa sababu ya jambo lililotokea hapa kanisani kwetu, nalo lilitufundisha sisi kwanza kabla hatujawafundisha ninyi.

Lundo la mchanga wa kanisa

Mtakumbuka kwamba kabla ya kutengeneza sakafu ya kanisa, vijana walibeba mchanga wa mtoni kwa mifuko, wakaumwaga chini ya mwembe. Kesho yake watoto walikuwa juu yake. Tuliwafukuza. Siku ya tatu tuliwafukuza kwa fimbo, maana mchanga ulikuwa unatawanyika na vijana wetu walikuwa wameutolea jasho. Hata hivyo watoto walirudi.

Kati yao alikuwamo binti wa miaka kama sita, mtoto mkimya sana. Kila siku alijenga nyumba ya mchanga, akachukua kizibo cha chupa, akakizika, akakaa kidogo, kisha akakifukua na kukiingiza ndani ya nyumba ile. Mama mmoja kati yetu aliweka fimbo chini, akaketi karibu naye bila kusema neno. Baada ya siku kadhaa mtoto mwenyewe alimwambia, "Huyu ni kaka. Alibaki njiani. Mimi ninamleta nyumbani." Tulikuwa tumemfundisha mtoto huyo karibu mwaka mzima, wala hatukujua kwamba aliwahi kuwa na kaka.

Hatusemi kwamba mchanga ulimponya. Tunasema kwamba mchanga ulimpa njia ya kutamka jambo lililomshinda mdomoni, na sisi tulikuwa tukimfukuza. Kwa hiyo tuliwaomba wazee wa kanisa watuachie mifuko minne ya mchanga ule kwa ajili ya watoto. Walijadiliana kwa muda mrefu, kisha wakakubali. Ndiyo sababu ile sehemu ya nyuma karibu na mlango bado ni udongo mtupu. Wanaouliza kwa nini sakafu haijamalizika, jibu ndilo hilo.

1. Mchezo huu si mgeni kwetu

Wengi wetu tumetoka kando ya Ziwa Tanganyika: Uvira, Baraka, Rumonge, Nyanza-Lac. Tulikulia mchangani. Asubuhi tulipongoja mitumbwi ya wavuvi wa ndagala waliokesha na taa zao ziwani, tulichimba visima vidogo pwani mpaka maji yakatokea, tukatengeneza mitumbwi ya mchanga, tukaketi ndani na kupiga kasia. Hakuna mzazi aliyenunua kitu. Wimbi lilipobomoa, tulijenga tena.

Watoto wetu wengi wamezaliwa hapa na hawajaliona ziwa. Pwani hatuwezi kuwaletea, lakini mchanga tunaweza.

2. Wengine waliojifunza jambo hili kabla yetu

Mwaka 1885 daktari mmoja mwanamke, Marie Zakrzewska, aliyezaliwa Berlin na kuhamia Marekani, aliwaandikia watu wa Boston habari za malundo ya mchanga aliyoyaona Berlin, ambako watoto walicheza katika bustani za mji. Chama kimoja cha afya mjini Boston kikaweka lundo la mchanga katika ua wa nyumba ya ibada, mtaa wa Parmenter, katika sehemu ya mji walikoishi wahamiaji maskini. Kutoka lundo hilo Wamarekani huhesabu mwanzo wa viwanja vyao vya kuchezea watoto. Tazameni basi: ulikuwa ua wa nyumba ya ibada, na watoto walikuwa wa watu waliohama makwao.

Tena kulikuwa na daktari wa London, Margaret Lowenfeld. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi Poland kati ya watu walioteswa na vita. Mwaka 1928 alifungua kliniki ya watoto mjini London. Humo aliweka masinia yenye mchanga, maji, na sanduku la vitu vidogo vya kuchezea: nyumba, watu, wanyama, miti na nyua. Alimwachia mtoto apange mwenyewe kile alichotaka. Aliamini kwamba mtoto hufikiri kwa mikono na macho mambo ambayo bado hana maneno ya kuyasema. Hadi leo wanaowasaidia watoto waliopitia vita hutumia mchanga kwa njia kama hiyo.

Na katika Mkataba wa Haki za Mtoto uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, kifungu cha 31 kinataja haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Mtoto mkimbizi hakutolewa humo.

3. Mtoto anajifunza nini mchangani?

Mikono. Kuchota, kumimina, kuchimba na kufinyanga kunatia vidole nguvu. Vidole hivyo ndivyo vitakavyoshika kalamu. Mtoto asiye na daftari anaweza kuandika herufi mchangani, kuifuta kwa kiganja na kuiandika tena mara mia bila gharama.

Hesabu. Mpeni mtoto kopo jembamba refu na bakuli pana. Ajaze mchanga katika kopo, kisha aumimine wote katika bakuli. Mwulizeni: umepungua? Mwanachuoni wa Uswisi, Jean Piaget, alionyesha kwamba watoto wadogo, kabla ya miaka saba hivi, hudhani kilichofika juu zaidi ndicho kingi zaidi. Msimkemee. Kwa kumimina tena na tena ataelewa mwenyewe.

Ujuzi wa vitu. Mchanga mkavu hausimami, huporomoka. Ukitiwa maji kidogo hushikamana na ukuta unasimama. Maji yakizidi hutiririka. Kila fundi wa matofali anajua jambo hili. Mtoto anaanza kulijua akiwa na miaka mitatu.

Ujirani. Kopo ni moja na watoto ni watano. Hapo ndipo wanapojifunza kungoja zamu, kuomba na kusamehe. Tumeona watoto wa lugha tatu wakijenga barabara moja, na kila mmoja akaondoka na maneno mapya ya mwenzake.

4. Vyombo vya kuchezea bila fedha

Watoto wa mijini hununuliwa ndoo na vijembe vya plastiki vya kuchezea pwani. Sisi tunaweza kutengeneza hivi:

Kata chupa ya plastiki kwa mshazari, upande wa mfuniko ubaki kuwa mpini: hicho ni kichoteo. Nusu ya juu ya chupa iliyokatwa katikati ni kimiminio. Kopo lililotobolewa matundu chini kwa msumari ni chekecheke. Kipande cha ubao laini ni kijembe. Kibuyu kilichopasuka ni bakuli. Vizibo, mbegu, mabua na vijiti vitakuwa watu, ng'ombe, miti na nyua.

Kopo la mafuta likikatwa lina makali. Kunjeni ukingo wake kwa nyundo au jiwe mpaka ulale kabisa, ndipo mtoto apewe. Msitumie chombo kilichowahi kutiwa dawa ya wadudu, wala kipande cha chandarua chenye dawa.

5. Hofu za wazazi ni za kweli

Mama mmoja alituambia, "Ninyi mnafundisha mchezo, mimi ninafua. Sabuni ya mgao haifiki mwisho wa mwezi." Alisema kweli. Tunashauri nguo moja chakavu iwe ya mchangani tu, na mchezo uwe kabla ya saa ya kuoga, si baada yake.

Kuna na hofu ya magonjwa. Mayai ya minyoo hutoka katika kinyesi cha watu. Mengine humezwa kwa mikono michafu; na viluwiluwi vya safura hungoja penye unyevu na kivuli, kisha hupenya ngozi ya mguu, na mnyoo ukikomaa hunyonya damu tumboni. Funza hupenda mchanga mkavu na vumbi. Kwa hiyo tunafuata taratibu hizi:

Mchanga uwe mbali na vyoo. Uzungushiwe mawe au miti ili usitawanyike. Jioni ufunikwe kwa turubai au mkeka mzee ili paka na mbwa wasijisaidie humo. Mchana ufunuliwe na kugeuzwa kwa jembe ili upate jua. Kila Jumamosi uchekechwe kuondoa vioo, miiba na misumari. Watoto wavae kandambili wakiwa nazo, na miguu yao ikaguliwe jioni. Wote wanawe kwa sabuni kabla ya kula. Siku ya dawa ya minyoo, pelekeni watoto bila kukosa.

Mchanga ukiingia jichoni, mtoto asisugue. Mwageni maji safi mpaka utoke. Tena mtoto asichimbe shimo la kuingia mwili mzima, wala asicheze katika mashimo ya kuchimbia udongo wa matofali. Kuta za shimo huanguka ghafula, na mchanga ni mzito.

6. Mtoto akicheza vita au maziko

Jambo hili linawatisha wazazi wengi. Mtoto anajenga kijiji, kisha anakichoma kwa mdomo wake: "puu, puu!" Au anachimba makaburi. Baba anapaza sauti, "Acha mchezo huo mbaya!"

Tunawaomba msifanye haraka. Mtoto hakuyaleta mambo yale duniani. Aliyaona au aliyasikia tukiyasimulia usiku tukidhani amelala. Keti karibu naye. Usimhoji kama polisi. Unaweza kusema tu, "Ninaona nyumba imeanguka," kisha ungoje. Akitaka kusema atasema. Akinyamaza, kukaa kwako kunatosha kwa siku hiyo. Usimbomolee alichojenga, na akibomoa mwenyewe usimzuie, maana kesho atajenga kingine.

Lakini ikiwa mtoto anarudia mchezo uleule wa kutisha majuma mengi bila mabadiliko, halali, hali, au amejitenga na wenzake wote, mpelekeni zahanati au kwa washauri wanaohudumia watoto. Mchanga una faida, lakini haushiki nafasi ya mganga.

7. Tulichokiona katika andiko

Someni sura ile pamoja nyumbani. Nabii Zekaria alisema na watu waliorudi kutoka uhamishoni Babeli, na mji wao ulikuwa bado magofu. Alipowaonyesha jinsi Mungu atakavyourudisha mji, aliwaonyesha wazee wenye mikongojo wakikaa barabarani kwa amani, na wavulana na wasichana wakicheza mahali palepale. Kwake yeye, mchezo wa watoto ulikuwa dalili ya kwamba amani imefika.

Sisi bado hatujarudi. Wengine wetu hatujui kama tutarudi. Lakini dalili ile haikuwekewa sharti la kwamba sakafu iishe kwanza. Mtoto wa miaka sita leo hawezi kungojea utoto wake mpaka mambo ya wakubwa yatengenezwe. Mwaka ujao atakuwa wa saba.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Ulipokuwa mtoto ulicheza nini kando ya ziwa au mto? Je, umewahi kumsimulia mtoto wako?
2. Ni lini mara ya mwisho uliketi karibu na mtoto akicheza, bila kumtuma wala kumkemea?
3. Katika mtaa wetu, ni mahali gani panafaa kuwekwa mchanga, na nani atauchekecha kila Jumamosi?
4. Tufanye nini kwa wasichana wanaobeba wadogo zao mgongoni mchana kutwa na hawapati nafasi ya kucheza?

Kazi ya wiki hii

Kila nyumba itengeneze kichoteo kimoja cha chupa na kukileta Jumapili baada ya ibada. Vijana wenye mifuko wako tayari kwenda mtoni tena. Safari hii mchanga utakaoletwa ni wa watoto wote, si wa sakafu, na hakuna atakayeshika fimbo.

Mungu awabariki ninyi na watoto wenu.

Ni sisi walimu wenu wa shule ya Jumapili.