Nani Anahesabu? Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Mtu wa Kinama Anayetamani Nyama ya Porini

Maneno haya nawaandikia watu wa Kinama, hapa Bujumbura: vijana wanaotoka alfajiri na mbwa kuelekea matete ya Rusizi, wenye kabare (baa) wanaochoma mishikaki ya nyama isiyo na mhuri, na wazee wanaopokea paja la pongo usiku bila kuuliza limetoka wapi. Ni maneno makali. Hifadhi ya Rusizi iko jirani yetu, na ikiisha hakuna atakayeweza kusema kwamba hakujua.

Kabla ya kumgusa mnyama yeyote wa porini, hapa au ugenini, uliza swali moja: nani anahesabu wanyama wa hapa? Kama yupo anayewahesabu, anayejua majike ni wangapi na ndama wangapi wamepona mwaka huu, na anayeweza kusema "wawili tu, basi", hapo pana mazungumzo. Kama hakuna, rudi nyumbani.

Usiseme pori la serikali halina mwenyewe. Hili ndilo kosa mama. Kibira yetu ulikuwa msitu wa uwindaji wa mwami, yaani mfalme, na aliyeingia alijua anaingia kwa nani. Wabelgiji wakaufanya msitu wa akiba mwaka 1933. Tarehe 3 Machi 1980 ikatoka sheria ya kuanzisha hifadhi za taifa na mapori ya akiba, na tangu hapo mwenyewe ni taifa zima. Wenzetu wengi wameisikia habari hiyo kinyume: kwamba kitu cha wote ni cha atakayewahi.

Angalia kilichotokea upande wa pili wa mpaka. Nyungwe ya Rwanda na Kibira yetu ni msitu mmoja, umekatwa na mstari wa ramani tu. Nyati wa mwisho wa Nyungwe aliuawa na wawindaji mwaka 1974. Tembo wa mwisho akafa mwaka 1999. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba nyati waishe. Kila mmoja alichukua wake, akaamini kwamba wamebaki wengine kilima cha pili, na mwenzake wa kilima cha pili aliamini hivyohivyo. Ardhi ya umma isiyo na mhesabuji humalizwa na watu ambao kila mmoja wao, ukimuuliza, amechukua kidogo.

Na sisi ni wengi. Burundi ina kilomita za mraba 27,834 na watu zaidi ya milioni 12. Ruvubu, hifadhi yetu kubwa kuliko zote, ina kilomita za mraba 508. Gawanya mwenyewe: kila kilomita moja ya Ruvubu ina Warundi zaidi ya 23,000 wanaoweza kusema "na mimi nina haki yangu". Ukimpa haki hiyo mmoja, umnyime mwingine kwa sababu gani?

Jua sheria ya ardhi unayoikanyaga. Mnyama ni yuleyule, lakini mwenye mamlaka juu yake hubadilika ukivuka mpaka. Tanzania, kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma chini ya serikali, hata akilala katikati ya shamba lako la mihogo. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977 na haijaufungua. Afrika Kusini ni kinyume: sheria ya mwaka 1991 inamtambua mwenye ranchi iliyozungushiwa uzio wa kutosha kuwa mmiliki wa wanyama waliomo, na mnyama akitoroka bado ni wake. Ujerumani haki ya kuwinda hufuata ardhi, na mwenye ardhi anahitaji walau hekta 75 zilizoungana ili awe na eneo lake mwenyewe la kuwinda. Usibebe mazoea ya nchi moja ukayatumia nyingine. Polisi hatakusikiliza ukimwambia kwamba kwa mjomba wako Mbarara, Uganda, wanaruhusu.

Usiutumie mfano wa Uganda kama hujaumaliza kuusoma. Nimeusikia mara nyingi kwenye mabenchi ya hapa mtaani: "Mbona Uganda wanawinda?" Basi tuumalize. Uganda ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1979. Swalapala wa nchi hiyo wamebaki hasa kuzunguka Hifadhi ya Ziwa Mburo, na wengi wao hawakai ndani ya hifadhi. Wanakula majani kwenye ranchi za watu. Mfugaji wa huko, eneo la Ankole, alimwona swalapala kama mwizi wa malisho ya ng'ombe wake, na alimwondoa alivyoweza. Mwaka 2001 serikali ikafungua jaribio kwenye ranchi hizo: mamlaka ya wanyamapori inapanga idadi inayoweza kuuawa, mgeni anayewinda analipa, na sehemu ya fedha inamfikia mwenye ardhi na jamii yake. Swalapala akawa na faida kwa mtu aliyekuwa anamfukuza.

Mpango huo una wanaoupinga, nao wana hoja. Mimi nauheshimu kwa jambo moja: pana mtu anayehesabu, na akihesabu vibaya anapoteza fedha zake mwenyewe. Sasa niambie, hapa kwetu ranchi hiyo iko wapi? Familia nyingi za wakulima wa Burundi zinalima nusu hekta au pungufu. Nusu hekta hailishi hata pongo mmoja, seuze kundi. Hatuna ardhi binafsi ya kuwindia, tuna ardhi ya umma peke yake, na hiyo imefungwa. Anayetaja Ankole ili ahalalishe mtego wa hapa Gihanga, kando ya Rusizi, anawadanganya wenzake.

Usitege waya. Kabisa. Hapa sitapunguza ukali. Waya wa breki ya baiskeli unanunuliwa kwa bei ya chupa ya bia, unafungwa tanzi, unaachwa kwenye njia ya wanyama. Tanzi halichagui. Linamkamata jike mwenye mimba, ndama, na mnyama ambaye mtegaji hakumkusudia. Mwenye bunduki na leseni kwenye ranchi ya Ankole huonyeshwa dume fulani, akalipiga hilo na si jingine. Mwenye waya amelala nyumbani. Mara nyingi asubuhi hafiki, kwa sababu mvua imenyesha au ameona askari wa hifadhi, na nzohe anakufa siku mbili tatu akiwa amekatika mguu hadi kwenye mfupa, kisha anaozea pale asiliwe na mtu. Mitego kumi inaweza kuua wanyama wanne na kumpa mtegaji mmoja. Huko si kuwinda. Wazee waliofuata mnyama kwa miguu, mbwa wakiwa na njuga shingoni, walirudi na kitu au walirudi mikono mitupu, lakini hawakuacha kifo nyuma yao kikiendelea kufanya kazi.

Ukikuta waya, usiufungue peke yako ukaondoka nao. Weka alama mahali hapo, uwaeleze walinzi wa OBPE, ofisi ya ulinzi wa mazingira iliyochukua kazi ya ofisi ya zamani, INECN. Mtegaji huwa na njia yake, na nyaya zikiwa bado mahali pake zinaonyesha njia hiyo.

Usichome matete kiangazi ili wanyama watoke. Moto unaunguza vifaranga, mayai na malisho ya msimu mzima, na upepo wa ziwani ukigeuka unafika kwenye nyumba za watu.

Usinunue. Mnunuzi ndiye anayemtuma mwindaji, hata kama hawajawahi kuonana. Burundi ina sheria ya tarehe 10 Septemba 2011 juu ya biashara ya wanyama na mimea ya porini, na pongo anayeuzwa kimyakimya nyuma ya kabare hana karatasi yoyote ya sheria hiyo. Dada muuzaji akikuambia "ni ya kutoka Tanzania, ya halali", mwombe karatasi. Tanzania iliweka kanuni za bucha za nyamapori mwaka 2020, na biashara halali ya huko ina leseni na kumbukumbu za nyama ilikotoka. Nyama iliyovushwa usiku kwa baiskeli haina.

Hili la kuuza ni zito kuliko watu wanavyofikiri, na Wamarekani walilijua kwa kuumia. Karne ya 19 walikuwa na wawindaji wa soko, waliopeleka nyama ya kulungu mijini kwa treni. Kufikia mwaka 1900 kulungu wenye mkia mweupe walikuwa wamebaki, kwa makadirio, nusu milioni au chini ya hapo katika nchi kubwa kiasi kile. Mwaka huohuo sheria iitwayo Lacey ikazuia kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo wanyama waliopatikana kinyume cha sheria, na majimbo yakafunga soko la nyama ya kulungu wa porini. Leo wanakadiriwa kufika milioni 30 hivi. Watu bado wanawinda kwa mamilioni, ila aliyeua hula nyama yake na familia yake au anaigawa bure. Palipo na bei ya kilo, ardhi ya umma haiponi.

Usile mnyama uliyemkuta amekufa, wala aliyekuwa anayumbayumba. Kimeta kinaua mnyama na mtu. Mwaka 2022 homa ya Bonde la Ufa iliingia kwenye ng'ombe wetu, serikali ikasimamisha uchinjaji na usafirishaji wa mifugo, na hata mishikaki ikaadimika mjini. Huyo alikuwa ng'ombe, mwenye daktari wa mifugo na machinjio. Pongo wa kichakani hakupimwa na mtu.

Usiwasimange waliorudi kutoka kambini. Kinama ina familia nyingi zilizoishi Tanzania kama wakimbizi, Kigoma na Kagera. Mwaka 2008 TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyamapori, lilichapisha ripoti juu ya nyama ya porini kwenye kambi hizo, likasema wazi kwamba mgao wa chakula haukuwa na nyama, na watu walikuwa wakipika usiku nyama ya wanyama walioibwa mapori ya jirani. Mapori yaliumia sana. Lakini mama aliyempa mtoto wake kipande cha nyama baada ya miezi ya mahindi na maharage simhukumu, na wewe usimhukumu. Lawama yangu ni kwa aliyerudi, akapata kiwanja na kazi, kisha akaendelea na desturi ya njaa wakati njaa ile haipo. Fuga. Sungura wanazaa haraka na hula majani ya kandokando ya mtaro, na mbuzi mmoja hufungua njia ya wa pili. Mnyama wako unaweza kumhesabu kila jioni.

Usichukue bunduki ya mtu kwenda nayo porini. Kinama inajua silaha za vita vya miaka ya 1990 zilifanya nini katika vichochoro hivi. Silaha iliyobaki uvunguni irudishwe kwa mamlaka. Haina kazi nyingine, na swala si kisingizio.

Mnyama akiingia mtaani au shambani, usimzingire. Tangu maji ya Tanganyika yapande, viboko wamekuwa wakitembea hadi kwenye nyumba za watu upande wa Gatumba. Pongo naye huweza kupotea akaibukia kwenye mpunga. Waondoe watoto, acha njia ya kutokea upande wa mto, piga simu kwa mkuu wa zoni na OBPE. Kundi la vijana wenye mapanga na simu za kupiga picha halijawahi kumsaidia mtu.

Ndugu walio Marekani na Ulaya, fuateni sheria za huko hadi nukta ya mwisho. Nawataja kwa sababu baadhi ya waliokimbia Burundi mwaka 1972 walipelekwa Marekani kutoka Tanzania kuanzia mwaka 2007, na watoto wao sasa wanaalikwa kuwinda na wenzao wa kazini. Nendeni, kwa leseni ya jimbo na baada ya kupata mafunzo ya mwindaji. Huko kulungu ni wa umma hata akiwa kwenye ardhi ya mtu, lakini kuingia kwenye ardhi hiyo ni lazima upate ruhusa, na ruhusa nzuri ni ya maandishi. Texas zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ni ya watu binafsi, na wawindaji hukodi nafasi kwa msimu. Kwenye misitu ya umma hulipi kodi hiyo, ila unatumia pori pamoja na watu wengine usiowaona: vaa fulana ya rangi ya chungwa hata pale sheria haikulazimishi, na usifyatue risasi kwa kufuata sauti ya majani. Ulizeni pia kama eneo lina ule ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu ulioonekana kwanza Colorado mwaka 1967. Ukiwapo, peleka nyama ipimwe kabla ya kuila. Na mkituma picha nyumbani, tumeni na picha ya leseni, ili mdogo wako wa Kinama asidhani kwamba ulichukua mbwa ukaingia tu.

Kwa wakuu wa zoni na wa mitaa nina ombi moja. Mnawajua wenye mbwa wa kuwindia, na mnazijua kabare zinazouza. Waiteni kwa majina kabla polisi hawajawaita. Na ninyi wenye mbwa: ndani ya Rusizi hakuna leseni ya kuwinda anayoweza kupewa mtu yeyote. Wafungeni mbwa wenu.