Ndigana Kali: Kimelea Kinachoizuia Seli Isife

Mji mdogo wa Mikumi umo katika Wilaya ya Kilosa, na jirani yake ipo Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964. Ndani ya hifadhi huishi nyati. Nje yake wafugaji hulisha ng'ombe. Nyati huweza kubeba kimelea kiitwacho Theileria parva bila kuugua. Kimelea hicho kikimwingia ng'ombe huleta ndigana kali, na ndama huweza kufa katika muda wa wiki tatu au nne.

Anayekihamisha kimelea ni kupe wa rangi ya kahawia apendaye kukaa masikioni. Kupe mchanga hunyonya damu ya mnyama mwenye kimelea, huanguka chini, hujivua gamba, kisha humwambukiza mnyama mwingine atakayemnyonya.

Kimelea ndani ya seli

Mate ya kupe huingiza vimelea mwilini. Vimelea hivyo huzitafuta limfosaiti, yaani seli nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kuulinda mwili. Kwa kawaida kitu kigeni kinachoingia katika seli huzungukwa na utando, kisha humeng'enywa. Theileria hukwepa hatari hiyo: mara tu kiingiapo, huuyeyusha utando huo na kukaa huru katika saitoplazimu.

Mwitikio wa seli

Limfosaiti ya kawaida hugawanyika inapoamshwa na adui, kisha hutulia. Ikiharibika, hujiua yenyewe ili mwili usidhurike. Theileria huvuruga taratibu zote mbili. Juu ya uso wake hukusanya vimeng'enya vya seli ambavyo huamsha protini iitwayo NF-kB. Protini hiyo huingia katika kiini na kuziwasha jeni zinazoizuia seli isife. Seli basi huendelea kugawanyika bila kikomo.

Kimelea nacho hujishikiza kwenye nyuzi zinazotenganisha kromosomu wakati seli inapogawanyika. Hivyo nacho hukatwa sehemu mbili, na kila seli mpya hurithi sehemu yake. Seli moja ikigawanyika mara 10 huzaa seli 1,024, zote zikiwa na kimelea.

Seli hizo huenea mwilini. Tezi za limfu chini ya sikio huvimba, homa hupanda, na mapafu hujaa majimaji. Mwishowe mnyama hushindwa kupumua na povu humtoka puani.

Je, hii ni saratani?

Seli hizi hufanana na za saratani, lakini zinatofautiana nazo katika jambo kubwa. Dawa ya buparvakwoni ikikiua kimelea, seli huacha kugawanyika ovyo. Hii yaonyesha kwamba hali hiyo hudumishwa na kimelea chenyewe, na kikiondoka nayo hukoma. Hata hivyo, dawa hufaa zaidi ikitolewa mapema.

Kinga na chanjo

Seli iliyoambukizwa haiwezi kuficha kila kitu. Vipande vya protini za kimelea hutokeza juu ya uso wake, na limfosaiti nyingine, zenye kazi ya kuua, huvitambua na kuiangamiza. Ng'ombe aliyepona hubaki na kinga hiyo.

Katika miaka ya 1970, watafiti waliokuwa Muguga, Kenya, waliitumia kanuni hii. Ng'ombe huchomwa sindano ya vimelea hai pamoja na oksitetrasaiklini ya kudumu. Dawa hupunguza makali ya ugonjwa huku mwili ukijifunza kumtambua adui. Mchanganyiko uliotokana na kazi hiyo una aina tatu za vimelea, na moja ilitokana na nyati wa Serengeti.

Lakini vimelea vya nyati ni vya namna nyingi. Ng'ombe aliyechanjwa akilisha pamoja na nyati bado aweza kuugua. Kwa hiyo mfugaji aliye karibu na hifadhi hana budi kuepuka malisho ya nyati na kuogesha mifugo yake mara kwa mara. Vimelea huchukua siku kadhaa kukomaa katika tezi za mate za kupe baada ya kupe kuanza kunyonya. Kupe akiuawa kabla ya hapo, ndama huokoka.

Maswali

1. Kwa nini ni faida kwa kimelea kuizuia seli isife?
2. Eleza jinsi matokeo ya dawa yanavyotofautisha ndigana kali na saratani.
3. Kwa nini josho la mara moja kwa mwezi halitoshi?