Minyoo ya mizizi katika mimea ya dawa

Mama mmoja wa Gede alinijia akiwa amefunga mrehani ndani ya gazeti. Mmea ulikuwa umedumaa na majani yamegeuka manjano. Alipoung'oa alikuta mizizi imejaa vinundu kama shanga. "Daktari," akaniuliza, "mtoto amekunywa maji ya mrehani huu kwa kikohozi. Je, hatapata minyoo?"

La, hatapata. Vinundu hivyo huletwa na minyoo fundo, viumbe wadogo mno ambao huishi kwa kula mimea tu. Kinyoo kichanga hupenya kwenye ncha ya mzizi na kutulia humo. Seli zinazomzunguka huvimba na kuwa chakula chake, na mzizi hufanya kinundu. Basi maji na chakula havipandi sawasawa, ndiyo maana mmea hunyauka mchana hata kama umeumwagilia. Jike hutaga mayai mamia kadhaa, na katika joto la pwani kizazi hukamilika kwa mwezi mmoja hivi. Udongo wetu wa kichanga huwafaa sana.

Hofu ya mama huyu iliwahi kuwapotosha hata wataalamu. Mwaka 1919 watafiti Kofoid na White waliona mayai mageni katika choo cha wanajeshi wa Marekani, wakadhani ni ya mnyoo mpya wa binadamu. Mwaka 1923 Sandground alieleza kuwa yalikuwa ya minyoo fundo, yameliwa pamoja na mboga za mizizi na kupita tumboni tu. Safura ni jambo jingine. Hiyo hutoka kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi cha watu.

Kilichonishtua mimi ni neno alilolisema akiondoka: jirani amemshauri atie dawa ya chengachenga inayowekwa kwenye nyanya. Msomaji, usithubutu. Baadhi ya dawa hizo hufyonzwa na mizizi zikapanda hadi majanini, na majani ndiyo anayochemshiwa mtoto. Sumu za aina ya kabamati na oganofosfati huleta jasho, mate mengi, kutapika, kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo na pumzi kubana. Ukiona hayo kimbia hospitalini na pakiti ya dawa mkononi, wala usimtapishe mgonjwa.

Mrehani, tangawizi, manjano na hata mshubiri hushambuliwa. Kwa hiyo usiipande palipotoka bamia, biringani au nyanya, wala usichukue miche katika kitalu chenye ugonjwa. Mizizi yenye vinundu ichome moto. (Vile vya kunde visikutishe: hubanduka kwa kidole, na ni rafiki wa udongo.) Wakati wa jua kali, lowesha tuta, ulifunike kwa karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga kwa wiki nne hadi sita; joto litawaua wengi. Mbegu za mwarobaini zilizopondwa, zikichanganywa na udongo wiki chache kabla ya kupanda, nazo hupunguza minyoo, na miarobaini Malindi na Kilifi haina uhaba.

Lakini mafuta ya mwarobaini yaishie shambani. Wako watoto wachanga walionyweshwa wakashikwa na degedege, na wengine wakafa.