Kuchagua Kafi kwa Safari Ndefu ya Kayaki

Wengi wanaojiandaa kwa safari ya kayaki hutumia karibu fedha zao zote kwenye chombo, kisha huchukua kafi lolote la bei nafuu. Tunawasihi wafikiri upya. Chombo hubebwa na maji, lakini kafi hubebwa na mikono kutwa nzima. Kwa mwendo wa kawaida mtu hupiga kafi mara 50 hivi kwa dakika, yaani mara 3,000 kwa saa. Kafi la mpini wa alumini na mabapa ya plastiki huzidi kilo moja. La nyuzi za kaboni huwa na gramu 700 hivi. Gramu 300 hazisikiki dukani, ila ukiziinua mara 15,000 kwa siku ya saa 5, jumla ni tani 4 na nusu zinazoangukia mabega na viwiko.

Wapo watakaosema bapa pana ndilo lenye kasi. Ni kweli kwa dakika chache. Bapa hilo hukamata maji mengi, hivyo kila pigo huwa zito tangu la kwanza, na misuli ikichoka mwendo hushuka. Wainuit wa Greenland, waliowinda sili kwa kayaki katika bahari ya wazi, walichonga makafi ya mbao yenye mabapa membamba, upana usiofika hata sentimita 10. Bapa la namna hiyo halisumbuliwi sana na upepo wa mbisho, nalo huruhusu mpini ushikwe chini, karibu na kifua, bila kuchosha bega. Pingamizi la bei lina uzito zaidi, kwani kaboni ni ghali na hupasuka ikigonga mwamba. Asiyeimudu achukue mpini wa fibaglasi, ambao uzito wake uko katikati.

Urefu hutegemea upana wa chombo na kimo cha mtu. Kayaki ya sentimita 55 hadi 60 huwafaa wengi kwa kafi la sentimita 220 hivi; iliyo pana zaidi hudai refu zaidi. Vidole vikigonga ubavu wa chombo, kafi ni fupi. Omo ikiyumba kushoto na kulia kwa kila pigo, huenda ni refu mno. Mpini ushikike bila kuubana, maana kuubana ndiko huvimbisha kano za kifundo cha mkono. Kafi la alumini nalo lina kazi: likiwa la vipande viwili, lifungwe juu ya sitaha kama akiba, mahali mkono unapofika ukiwa umeketi.