Jihadhari na Unyevu Unaposubu Aluminiamu

Msomaji, ili kusubu kipuri cha aluminiamu, fundi wa jua kali huhitaji vitu vichache tu: makaa, chungu cha chuma, mchanga na pistoni kuukuu. Ndiyo sababu kazi hii hufanyika hata nyuma ya nyumba. Lakini iko hatari moja ambayo wengi huidharau, nayo ni maji.

Aluminiamu huyeyuka ifikapo nyuzi 660 za Selsiasi. Maji yakinaswa chini yake hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo huhitaji nafasi takriban mara 1,700 kuliko maji yenyewe. Ukikosa njia ya kutokea, hulipuka na kurusha madini ya moto machoni, mikononi na miguuni.

Chukua mfano wa Garsen. Mto Tana ulifurika huko mwaka 2018, 2023 na 2024. Mchanga wa kando ya mto huchanganyika na udongo laini. Udongo huo husaidia kalibu kushikamana, lakini pia hushika maji hata baada ya sehemu ya juu kukauka. Anayeuchota akidhani umekauka hujidanganya. Nawe uliye Mombasa au Nairobi, hatari ni ile ile baada ya mvua.

Kabla ya kumimina, zingatia haya:

1. Finyanga mchanga kwa ngumi. Ukishikamana bila kulowesha kiganja, unafaa. Ukiacha majimaji, uanike kwanza.

2. Toboa kalibu kwa waya mwembamba ili mvuke upate njia.

3. Pasha moto vyuma chakavu na koleo kabla ya kuvitia chunguni. Mkebe uliobonyea huweza kuficha maji.

4. Usimiminie juu ya sakafu ya saruji, kwani nayo hushika unyevu. Tandaza mchanga mkavu.

5. Vaa viatu vya ngozi, suruali ndefu ya pamba iliyofunika viatu, na kinga ya macho. Nailoni huyeyukia mwilini. Watoto wakae mbali.

Moto ukishika, uzime kwa mchanga mkavu, kamwe si kwa maji. Hata hivyo, weka mitungi miwili ya maji safi hatua kadhaa kutoka tanuri. Hayo ni ya mtu, si ya moto.

Mtu akiungua, mwondoe karibu na tanuri, kisha mwagia jeraha maji baridi, si barafu, kwa dakika 20. Vua pete na saa kabla ya uvimbe. Usibandue madini wala nguo iliyogandamana na ngozi. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga, na usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi.

Mpeleke hospitali bila kuchelewa iwapo ameungua usoni, machoni, mikononi, miguuni au kwenye viungo, iwapo jeraha limezidi kiganja chake, au iwapo ngozi imekuwa nyeupe na haisikii maumivu. Wengi hufurahia kukosa maumivu, kumbe ni dalili kwamba jeraha limezama. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Kwa mkazi wa Garsen, Hola na Malindi ni mbali. Dakika hizo 20 za maji ndizo tiba ya kwanza, na ziko mikononi mwako.